Krismasi ya Ukuta Usiopakwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Damari kule Ihanja, na mahema yaliyofunika watu siku ile yalikuwa yangu. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu wa Singida Mjini, wangeulizana. Mahema yangu, viti vyangu, spika zangu, na vitambaa vyeupe kwenye nguzo nilivifunga kwa mikono yangu mwenyewe, ingawa nina vijana wa kunifanyia. Leo hii ukiona ukumbi wowote mkubwa wa mjini umependeza siku ya harusi, uliza nani kapamba. Utatajiwa jina langu kabla hujamaliza kuuliza. Na shule nimefika darasa la nne, la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Wenye vyeti wananipigia simu kuniuliza rangi gani inakaa na rangi gani. Basi tulipokwisha kurudi makaburini, watu wanakula, kijana mmoja aliyesomea mambo ya hoteli akaja kukaa karibu yangu. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akaniuliza upambaji nimesomea wapi. Jibu la kumjibu mtu wa namna hiyo ninalo siku zote, refu tu. Lakini nikaitazama nyumba ya marehemu, ambayo sasa ina bati na sakafu ya saruji, na jibu likanikwama. Nikamwambia, "Nimesomea humo ndani. Mwaka mmoja." Akacheka, akidhani namtania. Sikumweleza, kwa sababu msibani si mahali pa hadithi ndefu. Naieleza hapa.

Nilifika Ihanja kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimefuata mashine ya kukamua alizeti iliyokuwa imefunguliwa kando ya barabara kuu. Kazi yangu ilikuwa kupakia na kupakua magunia, na nisingependa mtu afikiri nilikuwa mbebaji wa kawaida. Gunia ambalo wenzangu walilishika wawili, mimi nililiweka begani peke yangu nikaongea huku natembea. Nilihitaji mahali pa kulala, nikaelekezwa kwa mjane mmoja aliyekuwa na chumba kitupu, mume wake Mzee Elia alikuwa amefariki wiki chache tu kabla ya hapo. Nyumba ilikuwa tembe, zile nyumba zetu za zamani, ndefu, za kuinamia mlangoni, paa bapa la udongo limelala juu ya miti, na kuta za fito zilizokandikwa udongo. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kabisa. Giza lilikaa humo hata jua likiwa utosini, na harufu yake ilikuwa ya moshi na mbuzi na uwele mkavu, harufu ambayo hata leo nikiikuta mahali nasikia njaa. Ukuta uliotenga chumba changu na sebule haukufika juu. Ukikohoa upande mmoja, upande wa pili wanakwambia pole.

Mama Damari alikuwa Mnyiramba aliyeolewa kwetu kwa Wanyaturu, na kwa hiyo, kwa hesabu za watu wa ukoo ule, alikuwa mgeni hata baada ya kuzaa watoto na kuzeeka hapo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Jioni alisonga ugali wa uwele, akauweka kwenye sinia na bakuli la mlenda, Jumapili maziwa mgando, akanipa mimi na watoto sebuleni, halafu yeye akaenda kula jikoni peke yake, kwenye kigoda kilichotazama mafiga. Nilidhani ni huzuni. Baadaye Damari, binti yake mkubwa, ndiye aliyeniambia: "Mama anakula huko ili asiuone ukuta." Maana ukuta wa sebule ulikuwa umeharibika vibaya. Mvua zilizopita ziliubandua, udongo ukadondoka vipande vipande, fito zikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nami kwa ujuaji wangu nikasema, si niukandike, kazi ya siku moja hiyo. Damari alinitazama kama nimetukana. Katika ukoo wao, nyumba iliyofiwa na mwenyewe haipakwi kitu mpaka wanandugu wakae pamoja, wanywe pombe ya mtama na kutangaza kwamba msiba umekwisha. Kupaka kabla ya hapo ni kusema marehemu amesahauliwa. Na wa kuita kikao hicho alikuwa mdogo wa marehemu, Isaya, ambaye kila alipoulizwa alisema mavuno kwanza, na mavuno yalipokwisha akasema tutazungumza.

Alikuja kuzungumza siku moja jua likiwa bado juu, mwishoni mwa kiangazi, upepo unavuma ule wa kwetu wa kujaza mchanga mpaka kwenye chumvi. Mimi nilikuwa nimelala, nimeumwa mgongo, na simwombi mtu radhi kwa kusikia, kwani masikio hayana mlango. Nilimsikia anasalimia, anaketi, anasukuma kikombe cha chai mbele yake.

"Shemeji, mwaka huu nimefikiri Krismasi watu wale kwangu."

"Miaka yote wanakula hapa," Mama Damari akasema.

"Miaka yote kaka alikuwepo."

"Nyumba ipo."

"Nyumba gani, shemeji? Hebu tazama ukuta huo. Watoto wa dada watoke Arusha na wake zao, waje kula wametazamana na fito? Nyumba isiyopakwa si nyumba ya watu."

"Niitie kikao, nitaupaka kesho yake."

"Hayo yana wakati wake." Akanywa chai. Nilimsikia anavyoivuta, mtu asiye na haraka. "Na wewe usijifunge. Kwenu Kiomboi kuna ndugu zako wazima. Mtu hapotei kwa kurudi kwao."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ukoo. Hawatalala nje."

Anayesoma haya akiwa mjini anaweza kuuliza, sherehe ya siku moja ina nini cha kumtoa mtu nyumbani kwake. Kwa watu wale ilikuwa na kila kitu. Krismasi ilikuwa siku pekee ambayo ukoo mzima ulikula chungu kimoja, kila mtu anakuja na kuku wake kwapani, na mahali wanapokula ndipo penye nyumba kubwa. Chungu kikihama mara moja hakirudi. Wakila kwa Isaya mwaka ule, mwaka unaofuata nyumba ya Mzee Elia ingekuwa ghala la Isaya la alizeti, na Mama Damari angekuwa Kiomboi anahesabu wanawe kwa kukumbuka. Hakuna mtu angemfukuza. Wangemwacha tu na ukuta wake mpaka aone aibu, aondoke mwenyewe.

Isaya alipoondoka nilitoka nikamkuta Mama Damari amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja umeshika kikombe kile, hajui akiweke wapi. Nikamwambia, "Mama, sisi tutapamba nyumba hii mpaka washindwe kuondoka." Sikujua nasema nini. Mpaka siku ile sikuwahi kupamba hata kitanda. Lakini mimi nikisema kitu nakuwa nimekwisha kukisema, ndivyo nilivyojenga maisha yangu yote, kwanza mdomo halafu miguu inafuata mbio. Akakiweka kikombe chini. "Bila kupaka," akasema. "Bila kupaka," nikasema.

Kesho yake tulikwenda kwa dada mkubwa wa marehemu, Shangazi Raheli, kwa sababu Mama Damari alikuwa mtu wa kuuliza sheria kwa mwenye sheria. Tulimkuta anapepeta kunde uani. Akaitikia shikamoo zetu bila kuinua uso.

"Wifi, nimekuja kuuliza kitu."

"Uliza, masikio bado yapo."

"Nyumba ya msiba haipakwi."

"Haipakwi."

"Haikandikwi."

"Haikandikwi. Udongo, chokaa, rangi, ukutani hapana, mpaka tukae."

"Na kutundika?"

Ungo ukasimama. "Kutundika nini?"

"Chochote. Kamba. Karatasi. Mkeka."

Shangazi Raheli alifikiri, kunde zimetulia kwenye ungo. "Kutundika sijasikia mtu akikatazwa. Nguo si tunatundika kila siku." Akaanza tena kupepeta. "Lakini ukuta wenyewe usiuguse, wifi. Isaya nimemlea mgongoni, namjua. Atakuja na kidole." Halafu akaninyooshea kidevu. "Na hili dume la ng'ombe ulilokuja nalo, ndilo fundi?"

"Ni mpangaji wangu. Njiku."

"Ana mikono ya magunia."

"Shangazi, nina mikono ya kila kitu," nikamjibu. Akacheka mpaka kunde zikamwagika, akasema siku ya Krismasi ataanzia kwa marehemu, na akiona panakalika atakula hapo, asipoona atapita kwa Isaya. Nasi tulijua kwamba anapokaa Raheli ndipo ukoo unapokaa.

Leo nikipamba ukumbi, mwenye ukumbi huniambia kitu cha kwanza: usipigilie msumari, usibandike gundi, usichafue ukuta. Wapambaji wengine hulalamika. Mimi hufurahi kimoyomoyo, kwa sababu ndivyo nilivyoanza. Tembe ina nguzo ndani zinazobeba paa, na juu kuna miti imepangana. Mtu mwenye kamba ya katani hahitaji ukuta. Nilifunga kamba toka nguzo hadi nguzo, juu na chini, nikapata kama chumba kingine ndani ya chumba, na humo ndimo tulimotundika kila kitu. Na anayesoma hapa, Krismasi inakaribia na mfukoni hamna kitu, asikilize, sitozi kwa hili. Kamata mifuko ya saruji, lile tabaka la ndani lililo safi, ikate vipande virefu, gundi upike kwa unga wa ngano na maji mpaka iwe uji mzito, unganisha kipande kiwe pete, pete iingie kwenye pete, utapata mnyororo wa kuzunguka nyumba. Madaftari ya watoto yaliyokwisha nayo yanafaa, na maandishi yanapendeza ukiyatazama kwa mbali. Rangi ya njano ni binzari. Rangi ya buluu ni ile ya kufulia mashati meupe, unaikoroga kidogo kwenye bakuli unachovya karatasi. Vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupukutishwa, ambavyo watu huwashia moto, tulivipaka binzari usoni tukavining'iniza kama jua dogo dogo. Hapo penye mbavu za ukuta mbaya zaidi tuliteremsha mikeka na vitenge kutoka kwenye kamba, vinaning'inia mbele ya ukuta bila kuugusa, na palepale ungeapa kwamba hakuna ufa.

Mti wa Krismasi ulikuwa shida. Watu wa misheni walikuwa na misaiprasi yao, sisi tulikuwa na pori. Nikaleta tawi la mgunga, lile lenye miiba mirefu myeupe, na watoto wakanicheka, wakasema kaleta boma la mbuzi. Mama Damari ndiye aliyeliona. Alikaanga mahindi ya bisi, akachukua bisi moja akaichomeka kwenye ncha ya mwiba, akachukua nyingine. Tulikaa jioni nzima tunachomeka, vidole vinatoka damu, na lilipokwisha lilikuwa jeupe lote kama limechanua nje ya msimu. Nimekwisha kununua miti ya plastiki kutoka Dar es Salaam, mirefu kuliko mtu, yenye taa za kukonyeza, na wateja wamenishukuru. Hakuna hata mmoja uliowahi kunifanya ninyamaze kama tawi lile la miiba. Tatizo lake moja ni kuku. Nyumba ya Singida ni nyumba ya kuku, na kuku akijua kuna mti unaozaa bisi hamuelewani tena. Ilibidi tulitundike kwenye mti wa paani, na hata hivyo jogoo mmoja alishinda chini yake shingo imeinuka kama mlokole.

Jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni, alikuja kuchungulia tunachofanya. Alizunguka sebule, mtandio mdomoni, akasema hapa juu mlangoni pako uchi. Akarudi na kamba imeviringishwa, ina bendera ndogo za karatasi za rangi, za kijani na nyekundu na nyeupe, zile walizopambia siku ya Maulidi. "Karatasi haina dini," akasema, "lakini nimezikata mwenyewe. Ikipotea hata moja nitaijua. Na zisinyeshewe." Mama Damari alizipokea kwa mikono miwili. Niliwasikia jikoni baadaye, wanawake wawili wanaongea chini chini. Bi Zuhura akasema, "Wakikutoa humu, mimi nitaazima moto kwa nani?" Mama Damari akamjibu, "Hawajanitoa." Akarudia, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Hawajanitoa."

Nikiri kwamba nilijisikia bwana mkubwa siku zile. Nilitoka kazini na unga wa mashudu kichwani nikaenda moja kwa moja kurekebisha kamba, hii iinuke, hii ishuke, na watoto wakanifuata na kuniita fundi. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha, kwamba macho ya mtu unaweza kuyashika ukayapeleka unapotaka. Weka kitu kinachong'aa hapa, hataona kilichovunjika pale. Niliona ni ujanja. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba Mama Damari hakuwa anaficha chochote. Yeye tangu tulipotundika mkeka wa kwanza alihamisha kigoda chake kutoka jikoni, akaanza kula sebuleni na wanawe.

Mkesha wa Krismasi mvua ikanyesha. Mkulima hawezi kuilaani mvua ya Desemba, tuliisubiri kwa wiki kadhaa, watu waliimba kanisani kuiomba. Ilianza jioni, ikapiga paa kwa uzito, na paa la udongo lisilopandwa na mtu mwaka mzima, halikujazwa udongo mpya wala kusawazishwa, likafanya linavyofanya. Tulihamisha sufuria huku na huku. Bendera za Bi Zuhura tulizifungua tukazilaza kwenye sanduku. Asubuhi, mwanga ulipoingia, nikaona pale karibu na mlango mnyororo wangu mzuri kuliko yote, ule wa buluu, umelowa umekuwa utepe wa uji. Rangi yake imefuata maji, imehamia ukutani, imeteremka kutoka paani hadi chini. Mstari wa buluu, mpana kama kiganja, kwenye ukuta usiotakiwa kuguswa na rangi. Watu watanilaumu kwamba buluu ilikuwa wazo langu. Lilikuwa langu, na mpaka leo nasema rangi ile ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la paa. Lakini asubuhi ile sikuwa na maneno hayo. Nilishika kitambaa nifute.

"Usifute," Mama Damari akasema nyuma yangu. "Ukifuta utakuwa umeugusa."

Akasema neno moja la Kinyiramba ambalo sikulielewa na sikutaka kutafsiriwa. Akateremsha mkeka mbele ya mstari ule, akaenda kuchinja kuku.

Walifika mchana baada ya ibada, wa Arusha na wa karibu, kuku kwapani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Shangazi Raheli mbele. Nilikuwa nimetengeneza taa kwa makopo ya maziwa yaliyotobolewa kwa msumari, koroboi ndani, na kwa kuwa tembe ni giza hata mchana, vile vitundu vilitupa nukta za mwanga kwenye mikeka na kwenye nyuso za watu. Mtoto mmoja wa Arusha alisimama mlangoni akasema, "Bibi, ndani kuna nyota." Shangazi akainama, akaingia, akatazama juu, akatazama tawi la bisi na jogoo chini yake. "Huyu naye kaja ibada," akasema, kisha akaketi kwenye benchi kwa uzito wake wote. Wengine wakaanza kuketi.

Isaya hakuketi. Alianzia ukuta wa kushoto. Kweli alikuja na kidole. Akainua kitenge, akasugua udongo, akatazama kidole chake kwenye mwanga wa taa, vumbi kavu la zamani. Akaenda mbele. Akainua mkeka, akasugua, vumbi. Watu wakaacha kuongea mmoja mmoja. Alipofika karibu na mlango, mimi nilikuwa nimeshika karai la maji ya kunawa. Akainua mkeka.

"Hii nini?"

Akageukia benchi la Shangazi Raheli.

"Dada, njoo uone. Njoo kwa macho yako. Wamepaka rangi. Kaka hajatimiza mwaka, nyumba yake imepakwa rangi."

Nilifungua mdomo. Mama Damari alikuwa amekwisha kutoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Ifuate, shemeji."

"Nifuate nini?"

"Hiyo rangi. Ifuate inakotoka."

Isaya akaufuata ule mstari kwa macho, juu, juu, na sisi sote tukaufuata, mpaka pale miti miwili ya paani ilipoachana kidogo. Tone la maji lilikuwa limening'inia hapo, la udongo, linanenepa. Likadondoka kwenye bega la koti lake la ibada.

"Ukuta sijaugusa," Mama Damari akasema. "Ni maji yamepita kwenye karatasi yangu. Na juu ya nyumba ya mume wangu mimi sipandi, mjane hapandi. Anapanda ndugu wa marehemu. Nimengoja tangu tulipomzika."

Kimya kile nimekikumbuka mara nyingi katika kumbi zangu, pale bibi harusi anapoingia na watu wote wanashikilia pumzi. Isaya alikuwa bado ameshika mkeka juu kama mtu aliyefungua pazia akakuta watu. Aliyekivunja ni Shangazi Raheli, kutoka kwenye benchi, bila kusimama.

"Basi ni mvua ndiyo iliyopaka. Mkaikamate."

Mtu akacheka, mwingine akafuata. Shangazi hakucheka.

"Isaya," akasema, "paa la kaka yako linanivujia kichwani siku ya Krismasi, na wewe umeshika mkeka. Keti."

Akaushusha mkeka polepole, hata akaunyoosha, ukakaa vizuri kuliko nilivyouacha mimi. Akanawa kwenye karai langu bila kunitazama, akaketi mwisho wa benchi, chini ya bendera za Bi Zuhura ambazo tulikuwa tumezirudisha asubuhi. Kuku wa kila mtu waliingia chungu kimoja. Mchuzi ulifika, nyama ikafika, na wali ukachelewa sana, kwa sababu asubuhi yote tulihangaika na sufuria za mvua. Watu walikaa wanatazamana na nyama. Ulipofika hatimaye, Isaya alivuta sinia kwake, akafinyanga tonge, akala la kwanza, akala la pili. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia vizuri.

"Mwakani tukija hapa, shemeji," akasema, mdomo umejaa, "wali uwahi. Watu wametoka mbali."

Shangazi Raheli aliendelea kutafuna mfupa wake.

"Sawa, shemeji," Mama Damari akasema. "Utawahi."

Akatoka kwenda jikoni. Nikamfuata na karai, nikijifanya naongeza maji. Nilimkuta amenipa mgongo, kiganja kimelala kwenye mhimili wa mlango.

"Njiku."

"Naam, mama."

"Umemsikia?"

"Kasema wali uwahi."

"Kabla ya hapo."

Ilinibidi nirudishe maneno kichwani. "Kasema mwakani tukija hapa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akachukua upawa, akapakua sahani nyingine, wali umejaa mpaka unamwagika, juu yake akaweka paja la kuku alilokuwa amelificha kwa ajili ya wanawe. Akanikabidhi.

"Mpelekee shemeji," akasema. "Mwambie wa mwakani umeshawahi."